Corolla AE110 baada ya kufungwa injini na gia boksi nyingine: gia zinateleza, mafuta yanavuja, gari linachemka

Swali: Nina Corolla AE110 ya 1997. Ilikuwa na injini ya 5A-FE na gia boksi ya otomatiki. Injini ilipogonga beringi, fundi aliniletea 4A-FE ikiwa na gia boksi yake, vyote vya mtumba kutoka kwenye Carina, akavifunga na kuacha wayaringi na kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya zamani. Sasa gia zinapanda mapema mno, na nikipanda mlima injini inalia lakini gari haliendi. Nikisimama kwenye taa ikiwa kwenye D, gari lote linatetemeka. Taa ya cheki injini haizimi. Kwenye foleni linachemka. Na kuna mafuta mekundu yanadondoka pale injini inapokutana na gia boksi. Watu wananiambia injini ni mbovu, nikatafute nyingine. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu yangu, usinunue injini nyingine bado. Katika hayo matano uliyoyataja hakuna hata moja linalothibitisha kwamba injini ni mbovu. Yote yanatokea mahali ambapo kifaa kilichokuja kinaungana na gari lililokuwepo: kebo, mauntingi (raba zinazoshikilia injini), plagi za waya, mipira ya maji, na ule uso wa injini unaobanwa na gia boksi. Hapo ndipo kazi za kubadilisha injini huharibikia, hata pale injini na gia boksi zenyewe zikiwa nzima kabisa.

Lakini tatizo moja linakula gia boksi yako kila siku unayoendesha, ni hilo la gia kupanda mapema na kuteleza mlimani. Gari lisitoke nyumbani mpaka ulimalize hilo.

Gia boksi za familia hii, ziwe A132L ya gia tatu, A240L au A245E za gia nne, zina kebo inayotoka kwenye throto (mlango wa hewa ya injini) na kuingia ndani ya boksi. Mafundi wengi huiita kebo ya kikidauni, na kwa sababu ya jina hilo hudhani kazi yake ni kushusha gia tu unapokanyaga mafuta. Kazi yake kubwa ni kuieleza boksi injini imebeba mzigo kiasi gani, ili shinikizo la mafuta ndani lipande na klachi zibane kwa nguvu inayotosha. Kebo ikilegea, boksi inaamini unatembea taratibu. Inapandisha gia mapema, shinikizo linabaki chini, na ukikanyaga mlimani sahani za klachi zinasuguana badala ya kushikana. Kilometa chache za namna hiyo zinatosha kuziunguza. Kebo ikikazwa kupita kiasi, utaona kinyume chake: gia zinachelewa kupanda na zinaingia kwa kishindo.

Ipime hivi. Zima injini. Mtu mmoja akanyage pedeli ya mafuta mpaka chini kabisa, na wewe uhakikishe kwanza kwamba kipepeo cha throto kinafunguka chote. Kama hakifunguki, rekebisha kebo ya pedeli kabla ya jambo lingine lolote. Kisha tazama kebo ya gia boksi. Juu ya waya wa ndani kuna kipande kidogo cha chuma kilichobanwa. Pedeli ikiwa chini, umbali kati ya mdomo wa raba ya kebo ya nje na kipande hicho unatakiwa kuwa milimita 0 hadi 1. Rekebisha kwa zile nati mbili kwenye breketi, kisha mwenzako aachie pedeli na kukanyaga tena, upime upya.

Kwa gari lako kuna mtego hapa. Kebo ilikuja na gia boksi, lakini mara nyingi fundi huhamisha throto au breketi yake kutoka injini ya zamani ili kebo ya pedeli ifike. Gurudumu la throto likiwa na ukubwa tofauti, au breketi ikishika kebo mahali pengine, nati zinafika mwisho kabla kipimo hakijafika. Ukikutana na hali hiyo usikate kebo wala kusogeza kile kipande cha chuma. Tafuta throto na breketi za injini iliyokuja na gia boksi hiyo.

Ukishamaliza kebo, pima mafuta ya gia. Gari liwe limetembea hadi kupata moto, liko mahali tambarare, injini inanguruma, umepitisha mkono wa gia kwenye nafasi zote kisha umerudi P. Soma upande wa kijiti ulioandikwa HOT. Boksi hizi zinatumia ATF, yaani mafuta ya gia boksi ya otomatiki, ya daraja la Dexron II au III. Ukimwaga kwa bolti ya chini hutoka kama lita 2.5 hadi 3 tu, yaliyobaki yamo ndani ya konveta, lile duara lenye mafuta linalounganisha injini na boksi. Boksi iliyoingia na konveta kavu inahitaji zaidi, kuanzia lita 5.5 hadi zaidi ya 7 kutegemea aina. Fundi aliyejaza lita tatu akaridhika ameacha boksi na njaa, na dalili zake zinafanana na za kebo iliyolegea. Ongeza robo lita kwa robo lita huku ukipima, kwa sababu kujaza kupita kiasi hutoa povu, na povu halibani klachi.

Kama boksi yako ni ya familia ya A131 na A132, kuna jambo linalosahaulika sana: difu ina mafuta yake peke yake, ambayo hayachanganyiki na ya sampo (trei ya chini) ya gia. Kwenye A131L ni lita 1.4, na yanajazwa kwa bolti ya pembeni. Kijiti hakikuambii chochote kuhusu difu hiyo. Boksi iliyomwagwa yote wakati wa kusafirishwa, kisha ikajazwa kwa kijiti tu, inatembea na difu kavu hadi inaanza kuvuma.

Sasa utajuaje kama klachi zimeshaungua? Kuna kipimo cha muda kisichoumiza kitu. Injini iwe na moto, AC imezimwa, brek ya mkono imevutwa na mguu uko kwenye brek. Toa gia N weka D, na uhesabu muda mpaka usikie gari limeshika. Unatakiwa uwe chini ya sekunde 1.2. Kutoka N kwenda R uwe chini ya sekunde 1.5. Rudia mara tatu, ukipumzika dakika moja kati ya kila jaribio, uchukue wastani. Zikichelewa zote mbili, shinikizo lote ni dogo: kebo, mafuta, chujio au pampu. Ikichelewa D peke yake, klachi ya mbele imechoka. Ikichelewa R peke yake, tazama klachi na brek zinazotumika kurudi nyuma. Baada ya hapo shusha sampo. Vumbi laini la kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vinavyong'aa rangi ya shaba, au mafuta meusi yenye harufu ya kuungua, vinamaanisha boksi hiyo inahitaji kufunguliwa au kubadilishwa, na hakuna marekebisho ya kebo yatakayoiokoa. Bolti za sampo unaporudisha ni ndogo, zinataka Nm 5 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na mafundi huzikata kila siku kwa kutumia nguvu.

Kabla ya kuiacha gia boksi, soma kibandiko chake ujue ni aina gani. Ikiwa ni A245E, kubadilisha gia kunaamriwa na kontroli boksi kupitia solenoidi (valvu za umeme), na kontroli boksi ya gari lililokuwa na gia tatu haina nyaya hizo. Boksi itatembea, lakini gia zitakosekana au zitaruka. Angalia taa ya O/D OFF kwenye dashibodi: ikiwaka na kuzima yenyewe, mfumo wa gia umeandika kosa. Solenoidi za kubadilisha gia, zile S1 na S2, unaweza kuzipima kwa mita kwenye plagi ya boksi: kila moja inatakiwa kusoma ohmu 11 hadi 15.

Tuje kwenye mafuta yanayodondoka. Kwanza hakikisha ni ATF kweli, maana sili ya nyuma ya krenki nayo huvujia mahali hapo hapo. Weka karatasi nyeupe chini usiku mmoja. Ikiwa ni nyekundu na nyepesi, inatoka sili ya konveta au oringi ya pampu. Ikiwa ni kahawia na nzito, ni oili ya injini. Kagua pia mipira miwili inayokwenda kwenye rejeta na sili za shafti za matairi, kwa sababu upepo hurudisha mafuta nyuma na kukudanganya.

Ikithibitika ni sili ya konveta, boksi lazima ishuke, na hapa ndipo ninakuomba usimame karibu na fundi. Konveta inaingia kwenye boksi kwa hatua tatu: meno ya shafti ya kati, meno ya steta, kisha masikio yanayoshika pampu. Fundi anasukuma huku akiizungusha, na kila hatua inasikika inadumbukia. Wengi husimama hatua ya pili wakidhani wamemaliza. Kisha wanaleta boksi kwenye injini, wanaona imebaki nafasi ya kidole, wanaivuta kwa bolti. Masikio yanavunja gia ya pampu, na gari haliondoki kabisa. Lako linatembea, kwa hiyo pampu haikuvunjika, lakini sili inaweza kuwa ilikatwa kwa kuingizwa kavu, bila kupakwa ATF kwenye mdomo wake.

Sababu ya pili ndiyo ninayoishuku zaidi kwenye kazi za kuchanganya injini na boksi: pini mbili za kulenga kati ya injini na gia boksi. Ni vipande vidogo vya bomba la chuma, na hubaki upande wowote pale vitu vinapotenganishwa. Bila hizo, bolti zinabana lakini boksi inakaa nje ya mstari kwa sehemu ya milimita. Konveta inazunguka ikiyumba, inakula bushi ya pampu, na sili mpya utakayoweka itavuja tena baada ya wiki chache. Mtikisiko wako unaweza kuwa na mkono wa hapo pia.

Kwa hiyo boksi ikishuka, mpangilio uwe huu. Pini zote mbili ziwepo. Badilisha sili ya konveta, oringi ya pampu na sili ya nyuma ya krenki kwa pamoja, kwa sababu bei yake ni ndogo ukilinganisha na kushusha boksi mara ya pili. Kagua flaiwili ya otomatiki kama ina ufa kuzunguka matundu ya bolti, kisha uikaze kwenye krenki kwa Nm 64 kwa mpangilio wa msalaba. Ingiza konveta hatua zote tatu, weka rula kwenye uso wa boksi, uone kwamba mabega ya konveta yamezama ndani kwa karibu sentimita mbili. Sogeza boksi kwenye injini kwa mkono mpaka nyuso zikutane zenyewe. Zikikataa kukutana, rudisha nyuma na utafute sababu. Ukishakaza bolti za kuzunguka, zile kubwa Nm 64 na za kati Nm 46, konveta inatakiwa bado izunguke kwa mkono na iweze kuvutwa mbele milimita chache kufikia flaiwili. Ikiwa imebanwa hata kabla hujafunga bolti zake sita, fungua, maana kuna kitu hakikukaa. Kati ya hizo sita, ukikuta moja yenye rangi tofauti, anza kuifunga hiyo.

Kama boksi ya kwanza iliyotoka ilikuwa imeungua, safisha pia kipoza mafuta kilicho ndani ya rejeta kabla ya kuunga mipira. Uchafu wa boksi iliyokufa unakaa mle na kuingia kwenye nzima.

Taa ya cheki injini usiisome kwa kukisia. Kwenye AE110 za Japani za mwaka huo kuna kisanduku cha uchunguzi chenye herufi ndani ya kifuniko. Washa swichi bila kuwasha injini, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, uhesabu taa inavyopepesa. Mipepeso ya kumi kwanza, kisha ya moja moja. 21 ni sensa ya oksijeni, 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni sensa ya mvutano wa hewa kwenye manifoldi, 41 ni sensa ya throto, 42 ni sensa ya mwendo. Baada ya kazi kama yako, ninategemea ukute 22, 41 au 42, kwa sababu ni plagi zinazofanana kwa sura na zinazobadilishana kirahisi, au zinazobaki zimening'inia kwa kuwa gia boksi mpya ina sensa ya mwendo ya aina nyingine. Waya huo huo wa TE1 na E1 ndio unaotumika kupima taiming, yaani wakati plagi zinapotoa cheche: ukiwa umeunganishwa, injini ikiwa na moto kwenye sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta), alama inatakiwa isome nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Ukipima bila waya huo, kontroli boksi inaendelea kusogeza wakati wa cheche na unarekebisha distribyuta kwa namba ya uongo.

Kuhusu kontroli boksi yenyewe: 5A-FE ina sentimita za ujazo 1,498 na 4A-FE ina 1,587. Kontroli boksi ya 5A inakadiria petroli kwa injini ndogo zaidi. Ukitembea taratibu sensa ya oksijeni inasahihisha, lakini ukikanyaga mpaka chini usahihishaji huo unasimama na injini inakosa petroli ya kutosha wakati inapoihitaji zaidi. Tafuta kontroli boksi ya injini iliyokuja, yenye namba inayoanzia 89661, pamoja na wayaringi wake wa injini. Na kwa kuwa yako imetoka kwenye Carina, angalia maandishi LEAN BURN juu ya injini. Zipo 4A na 7A zilizotengenezwa kuchoma mchanganyiko wenye petroli kidogo. Njia zake za hewa, sensa na kontroli boksi ni vyake peke yake, na haziwezi kutulia kwa kontroli boksi ya kawaida hata ufanye nini.

Mtikisiko kwenye D: mauntingi ni nne, ya upande wa mkanda wa taiming, ya upande wa gia boksi, ya mbele na ya nyuma. Raba ya gari la manyo ni ngumu kuliko ya otomatiki, na sokoni zinauzwa kwa sura tu. Hata zikiwa sahihi, zikikazwa moja moja injini ikiwa inaning'inia kwenye winchi, raba zinabaki zimepindwa. Zilegeze zote, injini ikae kwa uzito wake, itikise kwa mkono au iwashe dakika moja, kisha uzikaze. Tazama pia kama bomba la moshi linagusa bodi, kisha usafishe throto na valvu ya sailensa. Mzunguko ukishuka sana pale unapoingiza D, raba nzuri kiasi gani haitaficha.

Hapo hapo angalia waya wa ardhi kati ya gia boksi na bodi. Ukisahaulika, umeme wa stata unatafuta njia nyingine kupitia kebo ya throto na ile kebo ya gia tuliyoirekebisha, unazichoma ndani kidogo kidogo. Mita ikiwa kati ya ncha hasi ya betri na bloku wakati stata inazunguka, isizidi volti 0.3.

Kuchemka foleni huku barabarani likiwa salama kunaelekeza kwenye feni, na kwenye injini hii swichi ya feni inafanya kazi kwa kinyume na wengi wanavyodhani. Ikiwa baridi imefunga, ikifika karibu nyuzi 93 inafungua, na ndipo feni inawaka. Maana yake, ukichomoa plagi yake swichi ya gari ikiwa imewashwa, feni inatakiwa izunguke. Ikizunguka, feni na rilei ni nzima, tafuta kosa kwenye swichi. Usiunganishe waya zake pamoja kama wanavyofanya wengine, maana kwa kufanya hivyo umeiamuru feni isiwake kamwe. Kumbuka pia injini ina vihisi vitatu vya maji: cha geji chenye waya mmoja, cha kontroli boksi chenye waya mbili, na hicho cha feni. Cha geji kikitoka gari lingine, sindano inaweza kukuogopesha bure, kwa hiyo pima joto halisi kabla ya kuhukumu.

Kama feni iko sawa, toa hewa: tundu dogo la thamostati liwe juu, hita ifunguliwe mwisho, ujaze huku injini ikinguruma na kifuniko kiko wazi, mpaka thamostati ifunguke kati ya nyuzi 80 na 84 na maji yashuke. Mapovu yasiyokoma baada ya hapo ndiyo yanayoanza kuizungumzia gasketi ya hedi.

Na hao wanaosema injini ni mbovu, wajibu kwa kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Injini ya moto, plagi zote za cheche zimetolewa, throto imefunguliwa yote, umeme wa cheche na petroli vimekatwa. 4A-FE nzima inasoma karibu kilo 13 kwa sentimita ya mraba, isishuke chini ya 10, na tofauti kati ya silinda isizidi 1. Ikisoma hivyo, injini ibaki mahali pake. Badilisha tu mkanda wa taiming kabla hujaanza safari ndefu, kwa sababu hujui umri wake.

Kwenye kadi ya gari imeandikwa namba ya injini ya 5A-FE na ujazo wake. Chukua risiti ya muuzaji na nakala ya karatasi za forodha za injini hiyo, linganisha na namba iliyogongwa kwenye bloku, upeleke TRA kubadilisha taarifa. Aliye Kenya hufanya hivyo NTSA. Muuzaji asiye na karatasi za kukupa, dai akupatie sasa, kabla hujaanza kulipia hiyo kazi ya kushusha boksi.